Karamu Isiyo na Mwenyeji

Katikati ya Desemba jua la London huchomoza saa mbili asubuhi ikiwa imeshapita, na huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mchana hautimizi saa 8. Usiku unapita saa 16. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta hatuna kipimo cha jambo hili, maana kwetu mwanga na giza hugawana siku karibu nusu kwa nusu mwaka mzima, na ndege wa kwetu hulala akijua kesho iko mbali kiasi kile kile cha jana. Huku kuna ndege mwenye kichwa cha buluu na tumbo la njano, Waingereza humwita blue tit, ambaye uzito wake wote ni kama gramu 11. Siku za baridi hula karibu muda wote wa mwanga, apate shahamu ya kuchoma usiku kucha, kama kandili iliyotiwa mafuta ya usiku mmoja tu. Alfajiri inaweza kumkuta amepoteza hadi sehemu moja ya kumi ya uzito aliolala nao. Asipokijaza tena kile kilichopungua, usiku wa pili haumvushi.

Kwa hiyo mrija wa plastiki uliojaa mbegu za alizeti, ukining'inia kwenye tawi la bustani ya jiji, una uzito ambao mpita njia haoni. Vyombo hivi ni vya kawaida sana Uingereza. Ipo mirija yenye vidirisha vya kudonolea, vipo vikapu vya waya vya kutilia karanga, yapo madonge ya shahamu ya ng'ombe yaliyochanganywa na nafaka. Vingine hutundikwa na watunza bustani, vingine na mtu ambaye hakuna anayemjua, anayekuja asubuhi na mfuko wake, anajaza, anaondoka.

Ukikaa kwenye benchi karibu navyo bila kufanya lolote, baada ya muda utaona kwamba fujo ile ina taratibu zake. Great tit, ambaye ni mkubwa kuliko yule wa buluu na ana mstari mweusi katikati ya kifua, hakai mezani. Huja, huchagua, mara nyingine huitupa mbegu ya kwanza na ya pili, kisha huruka na moja hadi kwenye tawi, akaikanyaga kwa vidole na kuigonga hadi ipasuke. Mbegu moja, safari moja, mchana kutwa. Chiriku wa uso mwekundu hufanya kinyume: hukaa kwenye kidirisha chake, hutafuna hapo hapo, na anayemsogelea huoneshwa mdomo. Robin, mwenye kifua cha rangi ya chungwa, husubiri chini, macho yakiwa juu. Njiwa wakubwa wa mwituni hutembea chini ya mti wakiokota kila kinachowaponyoka wadogo, na pengine wao ndio wanaoshiba kuliko wote. Kindi naye hufika, akajining'iniza kichwa chini kwa miguu ya nyuma, na ndege wote husogea kando kumpisha.

Halafu ghafla hakuna ndege hata mmoja. Hukuona kitu, ila kuna mmoja aliyetoa mlio mwembamba, mkali, na wote wakazama vichakani. Kipanga mdogo amepita. Yeye pia anaijua ratiba ya karamu hii. Wapo walishaji wanaomchukia, nami simwelewi mtu anayetaka ndege wa porini lakini hataki pori lije pamoja nao.

Mimi natoka kwa watu wanaoamia ndege. Katika mashamba ya mpunga ya bonde la Rufiji, mpunga ukianza kutoa maziwa, watoto hupandishwa kwenye dungu na kukaa humo tangu alfajiri hadi magharibi, wakipiga debe, wakirusha udongo kwa kombeo, wakipaza sauti hadi koo likauke. Ndege pale ni hesabu ya chakula cha nyumba. Kundi la kwelea likitua nusu saa bila mtu, kuna gunia ambalo halitavunwa. Mtu aliyetoka huko, siku ya kwanza anapoona mzee wa Kiingereza akinunua gunia la nafaka ili awamwagie ndege, hushikwa na kitu kinachokaribia hasira. Baadaye, kama amekaa vya kutosha, huona jambo jingine: mtoto wa dungu na mzee wa benchi wanafanya kazi moja, kutazama. Tena mtoto hutazama kwa makini zaidi, kwa sababu akisinzia atajua kilichotokea. Anajua kundi linatoka upande gani, linatua saa ngapi, nani hutangulia. Mlishaji anaweza kusinzia miaka mingi asijue.

Desturi ya Waingereza ina umri unaojulikana. Majira ya baridi ya 1890 na 1891 yalikuwa makali mno, na magazeti yakawaomba wasomaji wawatolee ndege makombo. Kufikia 1910 jarida la Punch liliandika kwamba kulisha ndege kumekuwa burudani ya taifa. Leo Waingereza hutumia kati ya pauni milioni 200 na 300 kila mwaka kwa chakula cha ndege wasio wao. Sehemu ya chakula hicho hutoka mbali: ile mbegu nyeusi nyembamba ambayo chiriku wanaipenda sana ni ya mmea wa asili ya nyanda za juu za Ethiopia, ambako wenyewe huuita nug na huukamua mafuta ya kupikia. Nusu ya mazungumzo niliyowahi kufanya na wageni katika bustani za London yalianza kwenye chombo cha kulishia. Mji huu hauna mazoea ya salamu, lakini mtu ambaye hangekuangalia kwenye treni atakunong'oneza, bila kukujua, kwamba tazama, yule pale nyuma ya jani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapo wazee wanaopona kweli kwa karamu hizi. Unaona usoni kwamba ndege ndio watu wao wa siku hiyo.

Lakini karamu ya miaka mia na zaidi haiwaachi wageni walivyokuwa. Mwaka 2019 watafiti wa shirika la British Trust for Ornithology walichapisha hesabu za takriban miaka arobaini. Miaka ya 1970, nusu ya ndege wote waliokuja kwenye vyombo walikuwa wa aina mbili tu, shomoro na kwezi. Walipoandika, aina zilizokuwa zikifika kwa wingi zilikuwa zimeongezeka mara tatu. Chiriku wa uso mwekundu, ambaye mwaka 1972 alionekana katika bustani 8 kati ya kila 100 zilizochunguzwa, sasa alikuwa anaonekana katika 87. Tumbili wa mjini hujifunza kufungua mlango, na ndege naye hujifunza. Tofauti ni kwamba kwa ndege mafunzo yameingia hadi kwenye mwili. Katika msitu wa Wytham karibu na Oxford, ambako great tit wamekuwa wakichunguzwa tangu miaka ya 1940, midomo yao imerefuka. Walipolinganishwa na ndugu zao wa Uholanzi, wale wa Uingereza walionekana wana mdomo mrefu zaidi, na waliobeba jeni za mdomo mrefu walikuwa ndio wanaofika kwenye vyombo mara nyingi zaidi. Utafiti huo ulitoka mwaka 2017. Watafiti wenyewe walitaja ulishaji kuwa maelezo yanayowezekana, wala hawakusema zaidi ya hapo, nami nisiwasemee.

Kinachonigusa kuliko mdomo ni njia. Kuna ndege wa kijivu, dume akiwa na kofia nyeusi na jike ya hudhurungi, anayeitwa blackcap. Sisi tunaye pia: wale wanaozaliana mashariki mwa Ulaya na Urusi hushuka kila mwaka hadi nyanda za juu za Afrika Mashariki, wakala matunda ya vichakani kwetu hadi Aprili, kisha wakarudi. Wale wa Ujerumani kwa desturi walielekea kusini-magharibi, Hispania na Afrika Kaskazini. Tangu miaka ya 1960 baadhi yao walianza kugeukia kaskazini-magharibi, kuja Uingereza kukaa majira ya baridi, jambo ambalo zamani lingewaua. Mwanasayansi Peter Berthold aliwachukua ndege waliokamatwa Uingereza wakati wa baridi, akawazalisha kizuizini Ujerumani, na makinda ambayo hayakuwahi kusafiri popote yakaelekeza miili yao upande wa Uingereza msimu wa kuhama ulipofika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992. Njia ilikuwa imo ndani ya damu. Baridi iliyopungua ukali imechangia, lakini chakula cha bustani kimechangia pia. Fikiria ukubwa wa jambo hili: safari inayoongozwa na nyota na damu imepindishwa na watu waliokuwa wanafanya wema wa asubuhi, kabla hawajaenda kazini, na ambao wengi wao hawajui hadi leo walichokifanya.

Hadi hapa mtu anaweza kusema, basi, ukarimu una nguvu, na kufurahi. Sasa nimfikie chiriku wa kijani.

Kuna kimelea kiitwacho Trichomonas gallinae, kinacholeta ugonjwa wa zamani wa njiwa. Mwaka 2005 ulionekana kwa chiriku wa Uingereza, na mwaka 2006 ukalipuka. Kimelea hukaa kooni. Koo huvimba hadi ndege hawezi kumeza. Hutema chakula chenye mate, na mwenzake hukiokota. Nje ya mwili kimelea kikikauka hufa, lakini kwenye sahani yenye unyevu, kwenye rundo la mbegu zilizolowa, kinapata muda wa kutosha. Ndege aliyeugua huvimbisha manyoya, hukaa karibu na chakula asichoweza kukila, na humruhusu mtu kumkaribia. Watu wengi, na hili linaniumiza kila nikilifikiria, waliona ndege yule mpole na wakadhani amewazoea. Ndani ya miaka michache chiriku wa kijani wa Uingereza walipungua kutoka takriban milioni 4.3 hadi milioni 2.8. Mwaka 2021 akaingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio katika hali mbaya. Mwaka 2025 shirika la kulinda ndege la RSPB, lenyewe muuzaji mkubwa wa vifaa hivi, lilisitisha kuuza vyombo vya sahani bapa.

Tuliyemwita aje tupone, alikuja, tukapona, yeye akafa.

Sisemi watu waache. Nimeshausema usiku wa saa 16, na siwezi kuusahau kwa sababu ya sura ya kuhuzunisha. Ninachosema ni kwamba anayetandika mkeka ana deni: kuosha chombo kila wiki, kumwaga kilicholowa, kuhamisha mahali pa kulishia ili mavi yasirundikane, na akiona ndege mmoja tu amevimba manyoya, kuteremsha kila kitu hadi wageni watawanyike. Nyumbani deni hilo lina mwenyewe. Katika bustani ya jiji halina. Mmoja hutundika, wa pili hujaza, wa tatu humwaga mchele wa jana chini ya mti kwa nia njema, na hakuna aliyewahi kukiona chombo kikioshwa. Hapo ndipo ubaya wa karamu ya umma ulipo: wahudumu ni wengi na mwenyeji hayupo. Jiji hili liliwahi kulijibu swali hilo kwa marufuku. Mwaka 2003 kulisha njiwa wa Trafalgar Square kulipigwa marufuku, baada ya vizazi vya watalii kupigwa picha wakiwa wamefunikwa na mabawa. Mamlaka ya bustani za kifalme nayo huwaomba watu wasilishe wanyama na ndege. Marufuku ni rahisi kuliko kumpa mtu ndoo, brashi na wajibu. Mimi ningechagua ndoo. Vyombo vichache, vyenye mtu anayejulikana kwa jina kwa watumiaji wa bustani, na visivyo na mtu viteremshwe.

Nipite kwa jambo moja ambalo kila mtu hapa hulizungumzia, kasuku. Hyde Park na Kensington Gardens zimejaa kasuku wa kijani wenye mkia mrefu na mdomo mwekundu, ndege ambao asili yao ni Asia ya Kusini na ukanda wa Afrika unaotoka Senegali hadi Ethiopia. Watu hunyoosha mkono wenye kipande cha tofaa, kasuku hutua mkononi, begani, kichwani. Kisa kinachopendwa ni kwamba walitoroka wakati wa kutengenezwa kwa filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, ile ambayo hadithi yake imewekwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na ambayo ilipigwa picha Uganda na Kongo kabla ya kumaliziwa London. Utafiti wa mwaka 2019 haukuona dalili ya hilo. Kasuku huru walishaonekana Uingereza tangu 1855, wakitoroka mmoja mmoja kutoka vizimba vya watu. Sipendi maneno wanayopewa, wavamizi, wageni waliozidi. Mimi mwenyewe nimehamia mji huu, na nayajua maneno hayo huanzia kwa nani na huishia kwa nani. Lakini kutopenda maneno hakufuti kilichoonekana: mwaka 2014 watafiti walionesha kwamba kasuku akiwa karibu na chombo, ndege wadogo wa hapa hula kidogo na hutumia muda mwingi wakiangaza huku na huku. Katika siku ya saa 8, muda wa kuangaza ni muda wa kufa.

Na yule aliyekuwa mgeni nambari moja, yuko wapi? Mwaka 1925 kijana wa miaka 21, Max Nicholson, pamoja na ndugu yake, walizunguka Kensington Gardens wakihesabu shomoro. Nani huhesabu shomoro? Ni ndege ambaye msomaji wa Biblia anamjua kwa udogo wa bei yake sokoni. Walipata 2,603. Nicholson akaendelea na maisha makubwa, akashiriki kuanzisha British Trust for Ornithology na baadaye WWF, lakini hesabu ile haikuachwa. Mwaka 1948 shomoro walikuwa 885. Farasi walikuwa wameshaondoka barabarani, na shayiri iliyokuwa ikimwagika kutoka kwenye mifuko yao ya kulishia iliondoka nao. London nzima ilikuwa chombo kimoja kikubwa cha kulishia bila mtu kukusudia, na gari la petroli likakifunga. Mwaka 1975 walikuwa 544. Mwaka 1995 walikuwa 46. Mwaka 2000, Nicholson akiwa na miaka 96, katika bustani ile ile walipatikana 8.

Anguko la mwisho lina wachunguzi wengi na washukiwa wengi: wadudu wachache wa kulishia makinda, nyumba zisizo na nyufa za viota, moshi. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliowapima shomoro wa vitongoji vya London na kukuta karibu robo tatu yao wana malaria ya ndege, kimelea wa jamii moja na yule anayetuua sisi, akibebwa na mbu. Pale ambapo mzigo wa kimelea ulikuwa mkubwa, wachache walivuka majira ya baridi. Niliposoma hilo nilikaa kimya kwa muda. Nilikuwa nimeihesabu malaria kuwa kitu nilichokiacha nyumbani.

Hakuna aliyelisha vibaya hapo, hakuna sahani chafu ya kulaumu. Lakini tungejuaje? Watu walikuwa wakipita Kensington Gardens kila siku kwa miaka sabini na mitano, wakiwarushia shomoro makombo ya mkate, na kwa macho ya kila siku upungufu wa 2,603 hadi 8 hauonekani. Kila asubuhi inafanana na jana yake. Ilibidi mtu mmoja aandike namba akiwa kijana, ili mzee awe na cha kulinganisha. Kwangu mimi huo ndio ukarimu uliozidi ule wa mfuko wa mbegu, na mtoto wa dungu angeuelewa mara moja: kuwajua waliokuja, na kujua siku ambayo hawakuja.

Kila mwisho wa wiki wa mwisho wa Januari, RSPB huwaomba watu wakae saa moja, bustanini kwao, kwenye baraza au katika bustani ya umma, na kuhesabu. Kazi hii inafanyika tangu 1979, na siku hizi huwavuta watu zaidi ya nusu milioni. Kanuni yake imefikiriwa vizuri. Hujumlishi kila ndege aliyefika, kwa maana yule great tit wa safari za mbegu moja moja angehesabiwa mara arobaini. Unaandika idadi kubwa kabisa ya aina moja uliyoiona kwa mara moja. Wanaoruka juu bila kutua hawahesabiwi. Mwaka wa kwanza wastani wa kwezi ulikuwa 15 kwa kila bustani. Sasa hata 3 hawafiki. Na mtu akikaa saa nzima asione ndege yeyote, bado huombwa atume karatasi yake, kwa sababu hiyo nayo ni hesabu, na kwa mtu atakayeisoma miaka hamsini ijayo huenda ikawa ndiyo yenye habari kuliko zote.